Walimsubiri papa, akaja Buckells

Jumapili ya tarehe 2 Mei 2021, saa tatu usiku, watu milioni 12.8 nchini Uingereza walikuwa wamefungulia BBC One kwa wakati mmoja. Hao ni zaidi ya nusu ya wote waliokuwa mbele ya televisheni nchini humo saa ile, na wote walikuwa wanatazama sehemu ya saba na ya mwisho ya msimu wa sita wa Line of Duty, tamthilia ya polisi wanaowachunguza polisi wenzao. Walikuwa wanasubiri jina moja. Wakalipata, na usiku uleule mitandao ikajaa malalamiko. Kwa maelfu ya mashabiki jina lile lilikuwa tusi. Wengine, wachache kwa idadi lakini wenye hoja nzito, walisema hakuna tamthilia ya polisi iliyowahi kumaliza kwa ukweli namna ile.

Miaka imepita na mabishano yale hayajazeeka. Nadhani ni kwa sababu yalihusu jambo kubwa kuliko televisheni: tunapodai mla rushwa mkuu atajwe, tunategemea kumwona mtu wa namna gani?

Kwa ambaye hakuwahi kuifuata, tamthilia hii imeandikwa na Jed Mercurio, aliyekuwa daktari kabla ya kugeukia uandishi. Ilianza Juni 2012 kwenye BBC Two, ikahamia BBC One mwaka 2017 ilipokuwa imeshapata jina. Kitovu chake ni AC-12, kikosi cha kubuni cha kupambana na rushwa ndani ya polisi wa mji usiotajwa. Nguzo zake ni tatu: Steve Arnott (Martin Compston), Kate Fleming (Vicky McClure) na mkuu wao Ted Hastings (Adrian Dunbar), mzee wa Ireland Kaskazini ambaye polisi mla rushwa humchefua kuliko jambazi. Kila msimu wanamwandama ofisa mmoja. Nyuma ya maofisa wote hao limejificha genge moja la wahalifu lenye watu wake ndani ya polisi.

Fumbo lenyewe lilizaliwa Aprili 2016, mwisho wa msimu wa tatu. Matthew Cottan, aliyejulikana kama Dot, mpelelezi ambaye kumbe alikuwa mtu wa genge ndani ya AC-12 yenyewe, alipigwa risasi akafa huku Kate akimrekodi kauli yake ya mwisho. Kutoka kwenye kauli ile ikapatikana herufi H. Watazamaji wakaanza kumnyooshea kidole kila mhusika ambaye jina lake linaanza na H, Hastings akiwa wa kwanza. Msimu wa tano ulipokwisha, Mei 2019, kikosi kikagundua kwamba mkono wa Dot ulikuwa unagonga nukta nne. Kwa alama za Morse nukta nne ni H, lakini maana aliyokusudia ni kwamba wako wanne. Watatu walijulikana: Dot mwenyewe, ofisa wa ngazi za juu Derek Hilton, na mwanasheria Gill Biggeloe. Akabaki wa nne.

Basi msimu wa sita ukawa wa kumsaka wa nne. Mwandishi wa habari Gail Vella ameuawa kwa risasi, upelelezi unazungushwa, na mtu asiyeonekana anatuma maagizo kwa kompyuta. Kitu kimoja kinamsaliti: kuna neno la kawaida kabisa ambalo kila akiliandika anakosea tahajia. Kikosi kikapekua nyaraka za zamani na kulikuta neno lilelile likiwa limekosewa vilevile kwa mkono wa Ian Buckells, Mrakibu wa Upelelezi. Buckells (Nigel Boyle) alikuwepo tangu msimu wa kwanza. Ni mpelelezi mzembe ambaye wenzake walizoea kumpuuza. Katikati ya msimu huohuo wa sita alikwisha kukamatwa na kutiwa mahabusu, na wengi wetu tukamfuta kwenye orodha kwa kuona kwamba anabambikiwa tu. Kumbe ndiye. Aliketi kwenye kile chumba cha vioo ambamo AC-12 huhoji watuhumiwa, mlio mrefu wa kinasa sauti ukalia kama kawaida, na Hastings akamwambia usoni kwamba miaka yote ile walidhani wanamwinda bingwa wa uhalifu, kumbe rushwa yake ilidhaniwa kuwa ni uzembe.

Watu walimsubiri papa, wakaletewa dagaa.

Sasa tuzisikilize hasira zenyewe, kwa sababu wakati ule hazikusikilizwa vizuri. Waliolalamika waliambiwa haraka sana kwamba walitaka milipuko na risasi, kwamba hawakuwa tayari kwa ukweli usiopendeza. Hilo si haki. Shabiki aliyefika usiku ule hakuwa amekuja kuua saa moja. Alikuwa ametazama upya misimu ya nyuma, amesimamisha picha ili asome karatasi iliyo juu ya meza ya mpelelezi, amelinganisha tarehe na majina ya kesi. Tamthilia yenyewe ndiyo iliyomfundisha kazi hiyo. Line of Duty haikuwahi kumtafunia mtazamaji chakula: mazungumzo yake yamejaa vifupisho vya kipolisi visivyoelezwa, mahojiano yake yanaendelea kwa zaidi ya dakika 10 bila muziki, na ushahidi unawekwa mezani ukiwa na namba yake. Mtu akikufanya mpelelezi kwa miaka mitano, una haki ya kumuuliza kesi ameifungaje.

Na swali la kwanza la mashabiki lilikuwa la kipelelezi hasa. Kama Buckells ni mjinga, ilikuwaje yule asiyeonekana wa msimu wa tano akaonekana ana akili nyingi, anajua kila operesheni, anaamrisha majambazi wanaoua bila kusita? Jibu la sehemu ya mwisho ni kwamba hakuwa anaamrisha chochote. Alikuwa anapokea maagizo upande mmoja na kuyapeleka upande wa pili, akichukua pesa na kupandishwa cheo. Baada ya wakuu wa genge kufa mmoja baada ya mwingine, vipande vilivyobaki viliendelea kumtumia kwa mazoea. Jibu hilo linawezekana. Lakini lilitolewa kwa maneno, ndani ya chumba kimoja, katika dakika za mwisho. Hatukumwona Buckells akifanya. Hatukumwona akipokea simu, akisita, akijidanganya kwamba hiki ni kidogo tu na hakimuumizi mtu. Tuliambiwa tu.

Swali la pili linauma zaidi, nalo ni la moyo. Buckells hakuwa mtu wa yeyote. Steve hakuwahi kumwamini, Kate hakuwahi kumpenda, Hastings hakuwahi kula naye. Jina lake lilipotajwa hakuna uhusiano uliovunjika. Linganisha na Broadchurch, tamthilia ya ITV iliyofunga msimu wake wa kwanza Aprili 2013. Nayo iliishi kwa swali moja, nani kamuua mtoto Danny Latimer, na jibu likawa mume wa mpelelezi Ellie Miller, yaani mtu aliyekuwa analala kitanda kimoja na mwanamke anayemtafuta muuaji. Kuna watazamaji waliokuwa wameshamtuhumu Joe Miller wiki kadhaa kabla. Haikuharibu kitu, kwa sababu uzito haukuwa kwenye kushtuka. Uzito ulikuwa kwenye uso wa Olivia Colman, aliyemcheza Ellie, alipoambiwa. Jibu la fumbo huridhisha linapomgharimu mtu tunayempenda. Jibu la Buckells halikumgharimu mtu.

Hapo mashabiki wana haki yao na sitawapunguzia hata kidogo.

Upande wa pili una hoja ambayo, kwa maoni yangu, ni kubwa zaidi, ingawa ilikuja imevaa nguo mbovu. Mercurio mwenyewe aliandika mtandaoni baadaye kwamba walijua tangu mwanzo kuwa kujaribu kuonyesha sura halisi ya rushwa katika jamii kusingempendeza kila mtu. Na ukiangalia mambo yaliyokuwa yanatokea Uingereza katika miezi ileile, unaona alikuwa anazungumza na nchi yake moja kwa moja.

Tarehe 3 Machi 2021, siku 18 kabla ya msimu wa sita kuanza kuonyeshwa, mwanamke aliyeitwa Sarah Everard alitekwa akitembea kuelekea nyumbani kusini mwa London, akauawa. Aliyemteka alikuwa ofisa wa jeshi la polisi la London, bado ameajiriwa ingawa saa ile hakuwa zamu, naye baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha kisicho na msamaha. Watazamaji wale milioni kumi na kitu walikuwa wanaishi ndani ya habari hiyo.

Kisha, tarehe 15 Juni 2021, wiki sita baada ya Buckells kutajwa, ikatoka ripoti ya jopo huru kuhusu Daniel Morgan. Morgan alikuwa mpelelezi binafsi, akauawa kwa shoka usiku wa tarehe 10 Machi 1987 kwenye maegesho ya magari ya baa moja huko Sydenham, London. Polisi walichunguza mara kadhaa kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu yeyote kutiwa hatiani. Jopo lililoongozwa na Nuala O'Loan lilifanya kazi tangu 2013, na hitimisho lake liliwatikisa wengi: polisi wa London walikuwa na rushwa ya kitaasisi. Ukisoma jopo lilimaanisha nini, humkuti bwana mkubwa aliyekaa gizani akivuta kamba. Unachokikuta ni taasisi iliyoficha makosa yake, iliyokana, iliyochelewesha nyaraka, iliyotanguliza jina lake kuliko haki ya familia ya marehemu. Mkuu wa polisi wa London wakati huo alilikataa hitimisho hilo. Ilipofika 2023, jeshi hilo likaiomba radhi familia na kukubali kwamba liliwakosea.

Mtu aliyekuwa ameudhika na Buckells mwezi Mei angeweza kuisoma ripoti ile mwezi Juni na kumkuta Buckells ndani yake, mara kumi, mara ishirini, bila jina. Jalada limepotea. Shahidi hakuhojiwa. Eneo la tukio halikulindwa. Ofisa aliyehusika amestaafu na mafao yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maana ya jalada lililopotea. Tumekua tukisikia kwamba ni uzembe tu, upungufu wa wafanyakazi tu, na tumejionea wenyewe kwamba uzembe huo una tabia ya kumwangukia mtu asiye na kitu na kumkwepa mwenye nacho.

Ndiyo maana maneno ya Hastings kwa Buckells ni mazuri mno, kwangu pengine mazuri kupita yote yaliyosemwa katika misimu sita. Mtu anaweza kula rushwa maisha yake yote akajificha nyuma ya sifa ya kutojua kazi. Kila kesi aliyoiharibu iliwafaa wahalifu, na kila alipoharibu alipanda cheo. Hakuna aliyemshuku, kwa sababu sisi tumezoea kudhani kwamba uovu una akili. Ian Buckells alitembea mbele ya macho yetu kwa miaka tisa, kuanzia 2012, na hatukumwona kwa sababu hatukumheshimu kiasi cha kumwogopa. Hilo ni wazo la kina, na ni wazo ambalo lingeweza kubeba msimu mzima.

Kuna kesi nyingine za kweli zilizofumwa ndani ya msimu ule. Gail Vella alikuwa anachunguza kifo cha Lawrence Christopher, mtu mweusi aliyeshambuliwa na kundi la vijana wa kizungu na kisha kufia mikononi mwa polisi, upelelezi ukavurugwa makusudi. Mwingereza akisikia jina hilo husikia majina mawili ya kweli. Stephen Lawrence alikuwa na umri wa miaka 18 alipochomwa kisu na genge la wabaguzi akisubiri basi huko Eltham, tarehe 22 Aprili 1993. Ripoti ya Macpherson ya Februari 1999 ilisema upelelezi wake uliharibiwa na ubaguzi wa kitaasisi pamoja na uzembe, na wawili kati ya waliohusika hawakuhukumiwa hadi Januari 2012. Christopher Alder naye alikufa Aprili 1998 kwenye sakafu ya kituo cha polisi mjini Hull, mikono nyuma ikiwa na pingu, kamera ikirekodi huku maofisa wakiwa wamesimama pembeni. Katika kesi hizo mbili hakuna H. Kuna watu wa kawaida wenye vyeo vya kawaida, kila mmoja akifanya kidogo au akiacha kufanya kidogo, na mtu mweusi amekufa.

Nikifika hapo najiuliza kama hasira za mashabiki hazikuwa na kitu kingine ndani yake. Tunamtaka H awe bingwa kwa sababu bingwa ana faida moja kubwa: akikamatwa, mambo yamekwisha. Unang'oa kichwa, mwili unakufa, taasisi inabaki safi. Kigogo mmoja anafikishwa mahakamani, magazeti yanauza, na wale waliokuwa wanasaini karatasi zake wanarudi mezani Jumatatu. Buckells ananyima faraja hiyo. Ukimfunga Buckells, asubuhi kuna Buckells mwingine, na huyo naye ana miaka mitano tu ya kusubiri kabla hajapandishwa cheo. Sisemi kwamba kila aliyekasirika alikuwa anakimbia ukweli huo. Nasema ukweli huo ni mgumu kuufurahia Jumapili usiku, na tamthilia iliyotaka kuusema ilipaswa kututayarisha.

Haikututayarisha, na hapa ndipo nawatenga Mercurio na wazo lake. Wazo lilikuwa sahihi. Lililoharibika ni ujenzi, na uharibifu wenyewe ulianza zamani, kabla ya msimu wa sita.

Misimu mitatu ya kwanza ya Line of Duty haikuwa ya kuuliza ni nani. Msimu wa kwanza ulipokwisha mwaka 2012, mtazamaji alishajua kwamba Dot ni mtu wa genge. Steve hakujua, Kate hakujua, Hastings alimpandisha na kumwamini. Kwa misimu miwili zaidi tulikaa na siri ile tumboni tukiona Dot akipeleleza kesi ambazo yeye mwenyewe ndiye mhalifu wake, akipanda karibu zaidi na meza ya bosi. Presha ya tamthilia ilitoka huko: tunajua, wao hawajui, na leo huenda wakajua. Hata msimu wa pili, uliomhusu Lindsay Denton (Keeley Hawes), haukumaliza kwa kutoa jina. Ulimaliza kwa kuonyesha kwamba Denton kweli alishiriki, lakini kwa sababu nyingine kabisa na zile tulizomtuhumu nazo. Ndiyo hatia hiyo iliyotufanya tuendelee kumfikiria mwanamke yule miaka mingi baadaye.

Dot alipokufa, tamthilia ikabadilisha mchezo. Kuanzia msimu wa nne ikawa kitendawili cha jina. Hastings akawekewa bahasha za pesa na mienendo ya kutilia shaka ili tumdhanie. Mkuu wa Polisi Philip Osborne akapitishwa mbele ya kamera. Mpelelezi mstaafu Marcus Thurwell akaletwa msimu wa sita akiwa ni picha tu, picha za mwigizaji maarufu James Nesbitt, ili watu washikwe na homa, halafu akakutwa maiti Hispania bila kutamka neno. Nakiri ilisisimua. Lakini kitendawili cha jina kina sheria yake: jina lazima liwe na uzito sawa na muda uliotumika kulisubiri. Huwezi kutumia miaka mitano kukuza ukubwa wa H kisha dakika za mwisho ukasema kosa ni la mtazamaji kwa kudhani H ni mkubwa. Aliyemkuza ni wewe.

Na ilikuwa rahisi kurekebisha. Buckells alipokamatwa katikati ya msimu wa sita, tungeambiwa palepale kwamba ndiye. Sisi tujue, AC-12 wasijue, kama ilivyokuwa kwa Dot. Sehemu zilizobaki zingetuonyesha wapelelezi bora wa nchi wakimwangalia machoni na kumpita, wakikimbilia wakubwa wa kubuni, kwa sababu mzembe haingii akilini mwao. Kila kicheko chao dhidi yake kingetuuma. Wazo la Mercurio lingekuwa ndani ya tendo na si ndani ya hotuba, na hakuna ambaye angedai ametapeliwa.

Mtetezi wa tamthilia anaweza kunijibu kwamba bila fumbo la jina wasingekuja watu milioni 12.8, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Tamthilia iliyoanza kwenye BBC Two ilikua hadi ikafikia mahali ambapo nchi nzima inazungumza habari moja Jumatatu asubuhi, tena katika mwaka wa korona ambapo watu walikuwa wamefungiwa ndani na hawana cha kuzungumza. Kurekodi kwenyewe kulisimamishwa Machi 2020 na kukaendelea tu miezi kadhaa baadaye. Kwamba walimaliza ni jambo la kushukuru. Fumbo ndilo lililowakusanya watu, kisha Mercurio akatumia mkusanyiko ule kuwaambia jambo ambalo wasingekuja kulisikiliza kwa hiari yao. Kuna ujasiri hapo. Angeweza kumtaja Hastings akavunja mioyo na kushangiliwa kwa mwezi mzima. Hakufanya hivyo, na naamini ingekuwa uongo kama angefanya.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili, katika joto la usiku ule, hazikulitazama vya kutosha. Papa alikuwepo. Philip Osborne, Mkuu wa Polisi, ndiye aliyekuwa ameshiriki katika upelelezi wa Lawrence Christopher, na AC-12 wanaamini alidanganya. Ndiye aliyesimama mbele ya waandishi wa habari akakana kwamba kuna rushwa ya kitaasisi katika jeshi lake. Ndiye aliyemweka ofisa mwandamizi Patricia Carmichael kukinyonga kikosi. Na maandishi ya mwisho kabisa kwenye skrini, yale ambayo wengi walikuwa wameshachukua simu zao kulalamika yalipopita, yalisema anatafuta cheti cha kinga ya maslahi ya umma ili ushahidi dhidi ya Buckells usisikilizwe mahakamani, na kwamba nguvu za AC-12 kupambana na uovu katika ofisi za umma hazijawahi kuwa dhaifu kama sasa.

Yaani tamthilia haikusema kwamba juu hakuna mtu. Ilisema mtu wa juu hahitaji kuwa H. Hahitaji kutuma ujumbe kwa kompyuta wala kukutana na majambazi. Anahitaji tu Buckells wawepo, wapandishwe, na wasiulizwe. Rushwa yake haimo kwenye akaunti ya benki, imo kwenye saini. Polisi wanaompinga huhamishwa, vitengo huunganishwa, bajeti hupungua, na kila hatua ina barua rasmi yenye muhuri. Huyo ni mhalifu wa kutisha kuliko bingwa yeyote aliyewahi kubuniwa kwenye ubao wa picha na nyuzi nyekundu wa mashabiki, na tamthilia ilimwacha akatoka mlangoni kwa sentensi mbili za maandishi.

Hilo ndilo lalamiko langu mimi, na silioni likitolewa mara nyingi. Hasira ziliishia kwa Buckells kuwa mdogo mno. Mimi nalalamika kwamba Osborne aliachiwa kirahisi mno. Mwaka 2023 ripoti ya Louise Casey kuhusu polisi wa London ilisema jeshi hilo lina ubaguzi wa rangi wa kitaasisi na chuki ya kitaasisi dhidi ya wanawake, na mkuu wake mpya alikubali mambo yaliyogunduliwa lakini akakataa kutumia neno la kitaasisi. Mchezo huo wa maneno, mtu mwenye mamlaka akikiri kila kitu isipokuwa jina la kosa lenyewe, ungekuwa mahojiano ya dakika 20 kwenye chumba cha vioo ambayo hakuna mtu angeyasahau. Owen Teale, aliyemcheza Osborne, ana sauti na kimo cha kubeba tukio hilo. Hakupewa kiti.

BBC imekwisha kutangaza kwamba msimu wa saba unakuja na watatu wale wanarudi. Mashabiki wameanza tena kutega masikio, na naona baadhi yao wanatumaini itabainika kwamba Buckells alikuwa chambo, kwamba H wa kweli bado yuko nje. Natumaini Mercurio hatawapa hicho. Akirudi nyuma akaleta bingwa, atakuwa amefuta jambo la maana kuliko yote aliyowahi kuliandika kwa sababu tu watu walipiga kelele. Namwomba aanze pale alipoachia. Osborne aitwe. Aje na mwanasheria wake na kofia yake ya cheo, akumbushwe haki yake ya kuhojiwa na ofisa anayemzidi cheo, na chumba kizima kinyamaze kikitafuta ni nani anayemzidi Mkuu wa Polisi. Kisha mafaili yafunguliwe, moja moja, kwa namba ya ushahidi na tarehe, na sisi tuliotazama tuachiwe kazi yetu ya zamani ya kusoma kila saini iliyo chini ya kila ukurasa.